Mwanafamilia asiyetajwa kwenye wasifu

Ukiwauliza wenye nyumba wa Shanty Town, Moshi, au wa Njiro, Arusha, dada wao wa kazi analipwa kiasi gani, wengi hawaanzi na fedha. Wanaanza na undugu. Huyu ni kama mwanangu. Huyu tunakula naye chungu kimoja. Huyu ndiye aliyewalea watoto wote wa nyumba hii. Kiasi chenyewe hutajwa mwishoni, kwa sauti ya chini, kana kwamba watu wanaopendana hawapaswi kuhesabiana shilingi. Mimi nasema undugu huo ndio unaoufanya mshahara ubaki mdogo, na wanawake waliotumika majumbani maisha yao yote walilielewa jambo hili mapema kuliko wanasheria na vyama vya wafanyakazi. Wanachofanya, kimyakimya, ni kuukataa undugu wa mdomoni ili watambuliwe kuwa wafanyakazi. Wenye nyumba wanakiita kiburi. Wengine husema kikulacho ki nguoni mwako. Ukikitazama kwa makini, ni madai ya mtu ambaye hana meza nyingine ya kuyapeleka.

Nitatoa habari za mama mmoja anayeishi Njoro, mjini Moshi, kwa ruhusa yake na bila jina lake. Alizaliwa Kondoa. Alimaliza darasa la saba miaka ya 1980, akiwa mmoja wa watoto wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza 1977. Madarasa ya msingi yalijaa nchi nzima, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtoto wa mkulima ambaye hakuchaguliwa alibaki hana pa kwenda. Shangazi yake akamleta Moshi kwa ahadi kwamba atafundishwa ushonaji. Alifundishwa kupika mtori, kumwogesha mtoto mchanga wa watu na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Ushonaji haukutajwa tena.

Safari yake haikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Kilimanjaro ilikuwa na misheni mapema, ikawa na kahawa, ikawa na KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933, na fedha za kahawa zikalipa ada za watoto. Sekondari za makanisa na za wazazi zikaota kila upande wa mlima. Kondoa, Singida, na vijiji vingi vya Mbulu na Babati havikupata hayo yote. Kizazi kimoja baadaye, mikoa iliyosoma ikahitaji mtu wa kukaa na watoto wakati mama yuko ofisini, na mikoa iliyonyimwa shule ikamtoa mtu huyo. Mwenye nyumba na mtumishi wake wanapokutana jikoni, kila mmoja amebeba historia ya wilaya yake. Mwenye nyumba mara nyingi anadhani amebeba juhudi zake tu.

Miaka ya mwanzo mama huyu hakuuona mshahara. Ulikwenda kwa shangazi, na shangazi akasema umekwenda kwa baba. Baadaye mwenye nyumba akaanza kumwambia, "Nakutunzia." Wengi waliowahi kufanya kazi za ndani wanalijua neno hilo. Fedha inatunzwa hadi Pasaka, hadi Krismasi, hadi mtoto wa bosi arudi chuo, na siku ikiombwa inageuka kuwa msaada. Mtu anaomba jasho lake mwenyewe kwa magoti, kisha anatakiwa ashukuru.

Uasi wake haukuanza na fedha. Ulianza na shikamoo.

Kwetu salamu hiyo hufuata umri. Mtoto wa miaka sita humwamkia kila aliyemtangulia kuzaliwa, awe profesa au muuza mkaa. Lakini ndani ya nyumba nyingi za Moshi na Arusha, mtoto huyo humwamkia bibi, huwaamkia wageni, huwaamkia baba na mama, kisha humpita mwanamke mtu mzima aliyeshika kikombe cha uji na kumwambia, "Dada, viatu vyangu viko wapi?" Hakuna aliyemfundisha mtoto kufanya hivyo. Amejifunza kwa kutazama watu wazima wa nyumba yake. Siku moja mama huyu aliamua kwamba uji hautoki mkononi mpaka aamkiwe. Hakugomba wala hakueleza kitu. Alisimama na kikombe, akitabasamu, akasubiri. Mtoto alilalamika kwa mama yake, na mama mtu, akiwa mlangoni na funguo za gari mkononi, alijikuta kwenye kona. Angemwambia nini mwanawe? Kwamba mkubwa huyu si mkubwa? Akamwambia, "Mwamkie dada." Tangu siku hiyo watoto wa nyumba ile wanamwamkia.

Msomaji anaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu ni zito, kwa sababu lilitumia heshima ambayo tabaka la juu lenyewe linadai kuiamini. Mwenye nyumba hawezi kusema hadharani kwamba mkubwa asiamkiwe kwa kuwa ni mtumishi. Angeonekana hana malezi. Mtumishi alichukua kanuni inayomlinda kila mzee wa nchi hii akaomba imlinde na yeye, na hakukuwa na jibu la kumnyima.

Kisha zikaja simu. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, watu wengi waliiona kama njia ya kumtumia mama kijijini hela ya chumvi. Mama huyu aliona kitu kingine. Aliomba mshahara wake uingie kwenye simu, ingawa yeye na bosi walikuwa wanaonana kila asubuhi na kila jioni. Bosi alishangaa: mbona tuko nyumba moja, makato ya nini? Mama huyu alisisitiza kwa upole. Sababu yake hakuisema, lakini aliniambia mimi: ujumbe wa simu una tarehe na kiasi, na hauna neno "nakutunzia". Mwezi ukipita bila ujumbe, simu yenyewe inaonyesha. Pembeni ana daftari la shule, la mraba, ambamo anaandika siku alizofanya kazi sikukuu, siku alizolala macho na mgonjwa, mwezi aliolipwa nusu. Hajawahi kumwonyesha bosi. Lipo tu, na kuwepo kwake kumebadilisha namna anavyosimama.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Yeye na bosi wake ni Wakatoliki wa jumuiya moja. Jumuiya ndogo ndogo husali kwa zamu majumbani mwa wanajumuiya, Jumamosi alfajiri, na kwa miaka mingi zamu ya nyumba ile ilikuwa zamu ya bosi, mtumishi akipanga viti na kuchemsha chai. Alipohamia chumba cha kupanga Njoro akahesabika kaya mpya. Zamu yake ikafika. Hakuiruka, kama wapangaji wengine wa chumba kimoja wanavyoiruka kwa aibu. Aliazima mabenchi kwa jirani, akatandika khanga, akachemsha chai ya tangawizi. Bosi wake alikuja, akainama mlangoni, akakaa kwenye benchi karibu na ndoo za maji, na mtumishi wake akaongoza rozari. Yule bosi si mtu mbaya. Ila katika miaka yote ya kusema "huyu ni mwanafamilia" hakuwahi kuingia mahali anapolala huyo mwanafamilia, hata alipokuwa analala kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Nimesema alihama. Hapo pana hesabu inayostahili kufanywa polepole. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, iliwagawa wafanyakazi wa majumbani katika makundi manne. Walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa waliwekewa kima cha chini cha shilingi 250,000 kwa mwezi. Walioajiriwa na maofisa wenye stahili ya kuwekewa mtumishi, 200,000. Wengine wote wasiolala kwa mwajiri, 120,000. Wanaolala kwa mwajiri, 60,000. Arusha, yenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ambayo kwa miaka 20 ilikuwa mwenyeji wa Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, imewahi kuwa na kundi la kwanza kwa wingi kuliko miji mingi. Kazi ni ileile, sufuria ni zilezile, lakini kima cha chini kilipimwa kwa cheo cha anayepikiwa. Mtu anayemfulia balozi aliwekewa zaidi ya mara nne ya anayemfulia mwalimu na kulala kwake.

Tazama sasa tofauti kati ya 120,000 na 60,000. Mantiki yake ni kwamba anayelala kwa bosi anapata chumba na chakula, kwa hiyo fedha ipungue. Lakini anayelala kwa bosi anatoa pia usiku wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Anayelala ndani huamka saa kumi na moja alfajiri na huingia kitandani saa nne usiku baada ya geti kufungwa, na mtoto akilia saa nane ni yeye anayeamshwa. Saa 45 anazimaliza kabla wiki haijafika katikati. Kwa hiyo anayefanya kazi saa nyingi zaidi ndiye aliyewekewa kima kidogo zaidi. Mama wa Njoro hakuisoma amri hiyo. Alihama tu, akasema anataka kuwa karibu na kanisa, na kwa kuhama akajinunulia usiku wake na kujiingiza kwenye kundi la mshahara mara mbili. Bosi alinuna miezi kadhaa. Alikuwa na sababu ya kununa: alikuwa amepoteza saa ambazo hakuwahi kuzilipia.

Kuna swali wanaloulizana watu wanaomfahamu: kama ameona yote haya, kwa nini asiache kazi? Jibu liko kwenye sheria hiyohiyo. Kiinua mgongo kinalipwa pale mwajiri anapomwachisha mfanyakazi kazi, na kiwango cha chini ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka kumi. Baada ya miaka kumi, saa ya sheria inasimama. Aliyetumika miaka kumi na aliyetumika miaka thelathini na tano wanafika mahali pamoja: siku 70. Kwa mshahara wa 60,000, ukigawa kwa siku 26 za kazi, siku 70 ni takribani shilingi 161,500. Kwa mshahara wa 120,000 ni takribani 323,000. Hayo ndiyo malipo ya chini kabisa yanayomsubiri mwanamke aliyelea vizazi viwili vya familia moja. Na akiacha mwenyewe, hata hayo anaweza kuyakosa.

Ndiyo maana haachi, na ndiyo maana nyumba nyingi huanza kumchosha mtumishi mzee ili aondoke kwa mdomo wake. Kazi za dukani anapewa msichana mpya. Chumba kinageuzwa stoo. Anaambiwa, "Mama, si ukapumzike kwenu sasa?" Yeye anajibu, "Bado nina nguvu, mwanangu," na anaendelea kufagia uani. Watu huona ni mapenzi kwa familia, na mapenzi yapo, siyakatai. Lakini kuendelea kufagia ni kukataa kutia saini ya kujifukuza.

Weka pembeni yake hesabu nyingine. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana. Kwa mshahara wa 60,000 ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Najua mshahara wa mwaka 1990 haukuwa 60,000. Natumia kiwango kimoja ili mlinganisho uonekane. Katika miaka 30 michango hiyo ni 4,320,000 bila faida yoyote, na la muhimu zaidi ni miezi 360, wakati sifa ya kupata pensheni ni michango ya miezi 180. Mwanamke huyo angekuwa ametimiza sifa hiyo mara mbili. Angekuwa mstaafu, kama walivyo mwalimu na karani, mwenye kitu kinachoingia kila mwezi hadi kufa. Badala yake atakuwa mgeni kwa kaka yake Kondoa, katika nyumba ambayo yeye ndiye aliyeitumia mabati. Sehemu ya mwajiri iliyomnyima pensheni hiyo, ikigawanywa nusu kwa nusu, ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Familia zinazotumia zaidi ya hapo kwa soda za Jumapili moja zinasema hazina uwezo.

Inaniuma zaidi kwamba haya yanatokea hapa. Azimio la Arusha lilijadiliwa na viongozi wa TANU, chama tawala cha wakati huo, mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa Februari, na jengo la Kaloleni walimokutana sasa ni makumbusho. Lilisema kwa uwazi kwamba katika nchi ya kijamaa hapatakuwa na watu wanaoishi kwa jasho la wengine. Likawawekea viongozi masharti matano: awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ni masharti ya heshima, na wapo waliouza mali zao kwa ajili yake. Lakini hakuna hata moja lililouliza nani anampikia kiongozi huyo na kwa mshahara gani. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokuja kukemea dharau na uonevu wa wakubwa, wafanyakazi wa viwandani waliushika wakawasimamia mameneja wao, wakagoma, wakawakataa waziwazi. Wapishi na mayaya hawakuwa na mahali pa kuusomea kwa sauti. Kiwandani kulikuwa na wenzao mamia. Jikoni alikuwa peke yake na bosi wake.

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya uhuru, kazi za ndani mijini zilifanywa zaidi na wanaume, na wapishi, madobi na maboi wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao. Kazi ilipohamia kwa wasichana wadogo walioletwa na shangazi, ikahama kutoka lugha ya ajira kwenda lugha ya ukoo. Leo kipo CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli, majumbani na kazi nyinginezo, na kimefanya kazi ya maana. Upo pia Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2011, unaosema kazi ya nyumbani ni kazi. Lakini sheria zetu za migomo bado zinawaza kiwanda: usuluhishi kwanza, kisha notisi ya saa 48, kisha wenzako wasimame nawe. Nyumba yenye mfanyakazi mmoja haina wenzako.

Kwa hiyo mgomo umejitafutia tarehe yake. Anayeishi Moshi anaijua. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, magari yanapanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na kila nyumba inajaa wajukuu, wakwe na wageni. Mbuzi wanachinjwa, ndizi zinamenywa kwa mikungu, vyombo haviishi. Kazi ya mtumishi inakuwa mara tatu na mshahara unabaki uleule. Basi wiki hiyohiyo simu zinaanza kulia. Bibi anaumwa Kondoa. Kuna msiba Singida. Mdogo wangu anaolewa Babati. Wenye nyumba hulaani: kwa nini Desemba, kwa nini wasiende Februari? Wanajua jibu. Februari kuondoka kwake hakuna uzito. Desemba ndiyo wiki pekee ambayo kazi yake ina bei anayoweza kuitaja, na wengi wanaoombwa wabaki huongezewa fedha papo hapo, fedha ambayo Novemba haikuwepo. Sheria inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, zenye malipo. Angekuwa amepewa kwa utaratibu, bibi asingelazimika kuumwa.

Nisiupambe uasi huu. Upo upande wake mbaya. Hasira isiyo na pa kwenda wakati mwingine humwangukia aliye chini zaidi, na aliye chini zaidi ndani ya nyumba ni mtoto anayelelewa. Wapo waliomfinya mtoto kwa sababu ya tusi la mama yake. Siwezi kulitetea hilo. Tena uasi wa kimya humkomboa mtu mmoja kwa siku moja. Mama wa Njoro aliamkiwa, akalipwa kwa simu, akalala kwake. Msichana aliyeletwa kumsaidia, mwenye cheti cha kidato cha nne kutoka shule ya kata, analala kwenye kile chumba cha nyuma na ameanza kusikia neno "nakutunzia".

Wala sisemi kila mwajiri ni tajiri. Muuguzi ana likizo ya uzazi ya siku 84. Siku ya 85 zamu inamwita, mtoto ana miezi mitatu kasoro, na kituo cha kulelea watoto kikiwepo hufungwa kabla zamu haijaisha. Mshahara wake una mkopo, ada na wazazi. Anamtafuta msichana wa kukaa na mtoto, na anamlipa kile kinachobaki. Mwanamke mmoja anakwenda kazini kwa sababu mwingine amebaki nyumbani kwake kwa mshahara usiotosha. Mzigo huo ulipaswa kubebwa na mwajiri wa muuguzi na serikali inayomhitaji wodini. Umeshushwa ngazi hadi ukamfikia asiye na wa kumshushia. Ninaielewa dhiki ya muuguzi huyo. Lakini dhiki yake haimpi haki ya kumlipa mwenzake kwa maneno ya kumwita mdogo wake.

Na maneno hayo yana siku yake ya kupimwa. Mzee wa nyumba anapofariki, wasifu wa marehemu husomwa. Ameacha mjane, watoto saba, wajukuu ishirini na wawili, vitukuu wanne. Majina yanasomwa hata ya wakwe walioko Marekani. Mwanamke aliyembadilisha marehemu nguo miaka minne ya kiharusi, aliyejua ni chakula gani anaweza kumeza, yuko nyuma ya nyumba kwenye moto wa pilau, hajatajwa. Picha ya familia inapigwa yeye akiwa anakusanya sahani. Wiki inayofuata watoto wanagawana, na suala lake linakuja chini ya kichwa cha habari cha "na huyu dada tumfanyeje". Kama kweli alikuwa mwana wa nyumba, ana fungu kwenye mgao huo. Kama alikuwa mfanyakazi, ana malimbikizo, likizo zisizolipwa na kiinua mgongo. Familia nyingi humpa nauli na kitenge. Huo ndio wakati ambapo undugu wa miaka thelathini unaonekana ulikuwa wa upande mmoja.

Aliyeachishwa kazi kwa uonevu ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Moshi na Arusha. Siku 30 za mtu aliyepanda basi la Kondoa na mfuko wa nguo zinakwisha kabla hajamaliza kusalimia ndugu. Hili linahitaji kurekebishwa na Bunge, pamoja na kile kikomo cha miaka kumi, na ningependa kuwasikia wabunge wa Kilimanjaro na Arusha wakilizungumza, kwa kuwa wapiga kura wao ndio waajiri na ndio waajiriwa.

Ila kuna kifungu kimoja ambacho tayari kiko upande wake. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mwajiri akishindwa kuyatoa mbele ya chombo cha haki, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa unakuwa wake. Yaani mfanyakazi akisema nilianza mwaka fulani kwa makubaliano fulani, mwenye nyumba asiye na karatasi ndiye atakayehangaika. Lile daftari la mraba lina uzito kuliko mwenyewe anavyojua. Ninawaomba wasichana wanaoshuka kila Januari stendi ya Moshi na ya Arusha waanze la kwao siku ya kwanza, na waombe mshahara uingie kwenye simu zao wenyewe, si ya shangazi wala ya dalali.

Na wewe mwenye nyumba unayesoma hapa, ukiwa na mtu jikoni kwako ambaye hujawahi kumwandikia chochote, kaa naye wiki hii mwandike karatasi moja, nakala mbili. Mshahara, siku ya mapumziko, likizo ya siku 28, namba ya NSSF. Na tarehe ya kuanza kazi iandikwe ile ya kweli. Kama aliingia kwako mwaka 1994, isiandikwe Januari ya mwaka huu.